Ukiyavulia Maji Nguo, Bado Unaweza Kugeuka

Mtu akija kwenye jiwe letu kule Luchelele, Mwanza, akitaka kuogelea pamoja nasi, swali langu la kwanza si kama anajua kuogelea. Namuuliza anafuata nini majini. Wengi hunitazama kana kwamba nimewafukuza. Juzi alikuja binti wa chuo, ameshika miwani ya kuogelea ambayo karatasi ya bei ilikuwa bado inaning'inia kwenye mpira wake. Nikamuuliza. Akasema, "Natamani tu, mama." Nikamwambia, "Haya mwanangu, leo kaa hapa juu ututazame. Keshokutwa urudi uniambie unachotamani ni nini hasa."

Hakufurahi, lakini alirudi. Alichosema nitakifikia.

Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa. Nanunua mwaloni Kirumba, naanika, nafungasha magunia yanayokwenda Shinyanga na Kahama. Nina miaka 43, na tangu nikiwa na 29 naogelea Ziwa Victoria mara tatu kwa wiki, kama kilomita 2 kila safari, sambamba na ufukwe lakini mahali ambapo mguu haugusi chini. Hakuna medali wala fedha. Kuna mawimbi, mamba, viboko, nyavu, injini za boti na radi, na najua mtu anaweza kufia humo kwa sababu kwetu wamefia humo. Shangazi yangu alikuwa ndani ya meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, akitokea Kagera kuja kututembelea. Nilikuwa na miaka 14. Baada ya msiba mama alitukataza hata kuchota maji ziwani bila mtu mzima. Nilikua nikiliona ziwa kila siku ya Mungu, nikila kutoka humo, na nisiweze kuingia zaidi ya magoti.

Kwa hiyo ninapoandika jinsi ya kuanza mchezo huu, siandiki kama mtu anayetaka uje. Naandika kwa yule ambaye ameshaamua kuja. Hatua ya kwanza itamfaa hata anayepanda mawe ya Mwanza bila kamba, na hata anayetaka kuruka kwa parachuti: ijue sababu yako, useme kwa mdomo wako, mbele ya mtu. Katika miaka hii 14 nimeona kwamba kila sababu ina mahali pake pa kumkosesha mwenye nayo. Ukimjua mtu amefuata nini, unajua atakosea wapi.

Sababu, na mahali inapokukosesha

Wapo wanaofuata msisimko. Hawa ndio watu huwazungumzia sana, eti wana damu ya moto. Mwanasaikolojia Mmarekani Marvin Zuckerman alitengeneza mwaka 1964 kipimo cha maswali cha kuwatambua, na akaendelea kuwachunguza kwa miaka mingi. Alieleza kwamba watu hatulingani katika kiu ya mambo mapya na makali, kwamba kiu hiyo hupanda ujanani na kushuka umri unaposogea, na kwamba sehemu yake moja ni kuchoshwa upesi na yaliyozoeleka. Hiyo sehemu ya kuchoshwa ndiyo ninayoiangalia. Mtu wa msisimko siku ya kwanza yuko macho kuliko wote, wala si siku ya kumwogopea. Mwogopee siku ya hamsini, maji yakishakuwa kama barabara ya kwenda nyumbani.

Tuna kijana wa bodaboda wa aina hiyo. Baada ya miezi miwili tu alianza kusema twende usiku, siku za giza, tuogelee katikati ya taa za wavuvi wa dagaa. Ni kweli zile taa zikitandazwa majini zinapendeza, ukiziona kutoka mlimani utadhani kuna mji mwingine umeota ziwani. Tulikataa. Lakini kumkatalia peke yake hakutoshi, kwa sababu kiu haijaondoka. Tulimpa kazi: ajifunze kuvuta pumzi upande wa kushoto na wa kulia kwa zamu, kisha ahesabu mikono anayopiga kutoka jiwe hadi jiwe na kila wiki aipunguze. Ilimchukua miezi minne na alikuwa akitoka majini anacheka peke yake. Kama wewe ni mtu wa namna hii, ongeza ugumu kwenye ufundi. Usiuongeze kwenye umbali, wala kwenye giza, wala kwa kuacha mtumbwi nyumbani.

Wapo wanaofuata hofu yao wenyewe. Mimi ni mmoja wao. Watu wanadhani anayefanya mambo ya hatari haogopi, na hapo ndipo wanapokosea kabisa. Miaka ya 1960 huko Marekani, Walter Fenz na Seymour Epstein waliwapima waruka parachuti: mapigo ya moyo, pumzi, jasho la ngozi, kuanzia asubuhi ya safari hadi mlango wa ndege. Wageni hofu yao ilipanda na kupanda mpaka sekunde ya kuruka. Wazoefu nao waliogopa, lakini hofu yao ilifika kileleni mapema, ikaanza kushuka kabla ya kuruka, hivyo walipofika mlangoni walikuwa wametulia. Niliposoma hayo nilikaa kimya muda mrefu, maana ndivyo ilivyonitokea mimi bila mtu kunifundisha. Mwaka wa kwanza moyo ulinienda mbio nikiwa ndani ya maji. Siku hizi hofu hunijia usiku, nikiwa nafunga magunia. Naiacha ije. Nataja moja moja kinachoweza kuharibika kesho: upepo, msuli, nyavu, boti. Nikifika kwenye jiwe nakaa kama dakika 20, mkono kifuani. Nikitia miguu majini na moyo bado unapanda badala ya kushuka, navaa nguo zangu.

Hatari ya sababu hii ni kwamba kugeuka unakuona kama kushindwa na hofu, na ulikuja kuishinda. Nilihitaji miaka mitatu kuelewa kwamba hofu iliyonirudisha ufukweni siku ya upepo ilikuwa upande wangu.

Wapo wanaofuata macho ya watu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu karibu nife kwa sababu hii.

Nilikuwa na miaka 31, nimeshaogelea miaka miwili na nimejiona. Jumapili moja wenzangu wa kikoba walikuja ufukweni, nikawaahidi kwenda hadi kwenye jiwe moja lililosimama mbali kidogo na kurudi. Ilikuwa saa tisa alasiri. Mimi ambaye naanika dagaa, ambaye kila siku najua upepo wa ziwani unaamka mchana kwa sababu ndio unaonirushia vumbi kwenye chanja, niliingia majini saa tisa alasiri. Nikiwa njiani mawimbi yakaanza kufanya povu jeupe juu. Niliyaona. Nilijua maana yake. Nikageuza kichwa nikaona simu zimeinuliwa, nikaendelea. Kutoka jiweni mawimbi yakawa yananijia ubavuni, kila nikifungua mdomo kuvuta pumzi yanauziba. Ndipo msuli wa kigimbi ukakaza, kwanza kama mtu ananifinya, kisha kama mtu amenifunga kamba na anavuta. Nilikunywa maji. Nikalala chali kama nilivyofundishwa, nikashika kidole gumba cha mguu nikakivuta kuelekea kwangu, na mawimbi yakawa yananipita usoni. Sikumbuki muda. Nakumbuka sauti ya kasia ikigonga ubavu wa mtumbwi, na mvuvi akinirushia dumu tupu nilikumbatie. Hakunikaripia. Aliniuliza tu, "Mama, ulikuwa unamwonyesha nani?"

Wenzangu wale walinilaki kwa kanga na machozi. Wala hawakuwa na kosa. Macho ya watu hayakusukumi, wewe ndiye unayeyaegemea.

Matthew Webb, nahodha Mwingereza, mwaka 1875 alivuka mlangobahari kati ya Uingereza na Ufaransa kwa kuogelea, akakaa majini karibu saa 22, mtu wa kwanza kujulikana kufanya hivyo bila kifaa cha kumshikilia. Alikuwa shujaa wa nchi nzima. Miaka minane baadaye, sifa zikiwa zimepungua na fedha pia, aliingia kwenye mikondo iliyo chini ya maporomoko ya Niagara, na ikamuua. Mikono ilikuwa ile ile. Ninapomfikiria naona zile simu zilizoinuliwa. Kama sababu yako ni kuonekana, sikulaumu, sote tunataka kuonekana, ila fanya hivi: wiki 12 za kwanza usipigwe picha ukiwa majini. Piga ukiwa umeshatoka, umekauka. Ikiwa baada ya wiki 12 bado unapenda kuja, una sababu nyingine ambayo ulikuwa huijui.

Wapo wanaofuata kusahau. Amefiwa, ameachwa, biashara imekufa. Maji husaidia kweli, sikatai, kwa sababu ndani ya mawimbi huwezi kuwaza mambo mawili. Lakini mtu akiniambia, hata kwa kupitia tu, "ziwa likinichukua poa tu," huyo siku hiyo haingii majini nami, na wala simwachi aende peke yake. Nakaa naye, nampigia ndugu yake mbele yake, na tunaongozana hadi hospitali akazungumze na mtaalamu. Kama ndiye wewe unayesoma, anza hapo, mwambie mtu leo. Jiwe lipo, tutakungoja.

Na wapo wanaofuata utulivu. Ukishaweza kuogelea vizuri, kuna mahali unafika, labda dakika ya kumi na tano, mwili unajiendea wenyewe. Unasikia mapovu yakipita sikioni. Jua la asubuhi linaingia majini kwa mishale ya kijani, mkono wako unatoka mbele yako umejaa mwanga, unazama, unapotea, unakuja mwingine. Madeni hayapo. Umri haupo. Nimeulizwa mara nyingi kwa nini mtu mwenye watoto anajitia hatarini, na kama ningeweza kumpa anayeniuliza dakika tano za humo ningemaliza jibu. Lakini hapo napo pana shimo lake: ukiwa umetulia hivyo husikii injini. Pangaboi halina huruma. Kila mikono kumi inua kichwa utazame mbele, pande zote na mtumbwi wako ulipo, hata kama kufanya hivyo kunaukata utulivu. Ukate.

Neno la kaka yangu

Kaka yangu ni mvuvi wa dagaa. Mwanzoni aliniambia kitu kilichoniuma: "Sisi tunaingia ziwani kwa njaa, wewe unaingia kwa shibe." Nilimjibu vibaya siku ile. Leo naona alikuwa ameshika jambo la kweli, na yeyote anayetaka mchezo wa hatari kwenye pwani ya watu wanaofanya kazi ya hatari anapaswa kulibeba. Kuna mhandisi Mmarekani, Chauncey Starr, aliyekadiria mwaka 1969 kwamba watu huwa tayari kubeba hatari waliyojichagulia karibu mara 1,000 zaidi ya ile wanayobebeshwa. Kaka hakujichagulia dhoruba. Mimi naweza kuacha kesho na watoto wakala. Kwa hiyo heshima ya kwanza ni hii: usimfanye mvuvi aache nyavu zake kuja kukuokoa kwa uzembe wako. Njoo na mtumbwi wako wa kulipia, na jaketi okozi ndani yake.

Lakini pia sikubali wanaosema haya ni mambo ya wazungu. Nenda makumbusho ya Bujora, pale Kisesa, uone habari za vyama vya ngoma vya Wasukuma. Wayeye wanacheza na nyoka mkononi, nyoka wenye sumu. Wanunguli chanzo chao ni wawindaji waliokuwa wanaingia shimoni, kichwa mbele, kumfuata nungunungu. Walikuwa na dawa zao, wakubwa wao, mafunzo yao na nyimbo zao, na hakuna aliyemshika nyoka siku ya kwanza kwa kutamani tu. Mababu walijua kwamba binadamu ana kiu hii, wakaijengea ua.

Saa ya kuingia

Sasa tuingie kazini. Jambo linaloua wageni kwenye ziwa hili ni saa. Wanadhani maji ni yale yale asubuhi na jioni.

Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko ziwa, hivyo upepo hutoka nchi kavu pande zote kwenda ziwani. Pepo hizo hukutana juu ya maji yenye joto, hewa inapanda, na dhoruba zenye radi huumbika katikati ya ziwa usiku na alfajiri. Ndizo zinazowakuta wavuvi. Mchana mambo hugeuka: nchi kavu inapata joto, upepo unatoka ziwani kuja ufukweni, na kadiri jua linavyopanda ndivyo mawimbi yanavyonyanyuka. Katikati ya hizo nyakati mbili kuna asubuhi.

Lakini si asubuhi yote. Kiboko hutoka usiku kula majani na hurudi majini kunapopambazuka, na hutaki kuwa kati yake na maji. Mamba huwinda zaidi jioni na usiku. Kwa hiyo usiingie kabla jua halijatoka lote. Kwa upande mwingine, vijidudu vya kichocho hutoka kwa wingi kwenye konokono jua likiwa kali, karibu na mchana. Ukiyaweka yote pamoja unabaki na kidirisha kidogo: sisi huingia saa moja na nusu na kufikia saa tatu kila mtu ameshavaa nguo. Saa hizo hazikuchaguliwa kwa sababu ni nzuri kupiga picha.

Kabla ya kuingia, tazama upande wa ziwa, usitazame juu ya kichwa chako. Anayeanika dagaa anajua hili, mvua moja tu ikipita unapoteza magunia ya wiki nzima. Ukiona wingu lililosimama kama mnara, kichwa kimepanuka, chini ni jeusi, hapo hakuna mjadala. Ukisikia ngurumo, hata ya mbali, toka. Miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo rafiki kwa anayeanza. Machi hadi Mei tunaogelea kwa kubahatisha siku.

Mahali

Waulize wavuvi, usiulize mtandao. Waulize wawili tofauti: mamba ameonekana lini, kiboko yuko upande gani, nyavu zimetegwa wapi leo. Nyavu za plastiki hazionekani majini na zikikushika mguu zinakaza kila ukijitupa. Mpiga kasia awe na kisu.

Chagua mwambao wa mawe na maji yaliyochangamka. Epuka matete, magugu na maji yaliyotulia kwenye kina kifupi, kwa sababu konokono wa kichocho hukaa huko na mamba hujificha huko. Epuka midomo ya mito baada ya mvua, Mto Mirongo unapomwaga maji yake ziwani unaleta yote yaliyolala mitaroni mwa jiji. Maji yakiwa na utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, acha, hata kama umetoka mbali. Na Kisiwa cha Saanane kiache kwa kutazama: ni hifadhi ya taifa tangu 2013, kina taratibu zake za kuingia, na kina mamba.

Mwili na vifaa

Hapa sitakaa sana. Jifunze kuogelea mahali unapogusa chini, kwa mtu anayejua kufundisha. Usije maji ya kina mpaka uweze kuelea chali dakika 20 bila kuhangaika, na kuogelea mita 400 bila kusimama, mtindo wowote, hata wa chura. Kuelea ndiyo elimu kubwa, mengine ni mapambo.

Wanawake wenzangu mnaniuliza sana kuhusu nguo. Taiti na fulana ya kubana zinatosha, epuka nguo pana inayojaza maji. Suka nywele, vaa kofia yenye rangi kali, nyekundu au ya machungwa, ili wenye boti wakuone. Paka mafuta ya mgando kwapani na shingoni pale nguo inaposugua. Dumu tupu la njano la lita 5, kifuniko kimefungwa vizuri, kamba ya manila ya mita moja na nusu hadi kiunoni: linakufanya uonekane na la kulikumbatia ukichoka. Halichukui nafasi ya jaketi okozi, na jaketi halichukui nafasi ya mtumbwi. Kipenga shingoni.

Mtumbwi, na kugeuka

Mpiga kasia ndiye mkuu. Hakai nyuma yako, anakaa ubavuni, upande unaovutia pumzi, ili mwonane kila mara. Kubalianeni ishara mkiwa nchi kavu: mkono mmoja juu ni njoo, kugonga kasia ubavuni mara tatu ni toka sasa hivi. Na mkubaliane kwamba akisema toka, unatoka kwanza, unauliza baadaye. Kila asubuhi kabla ya kuingia tunamwambia mpiga kasia, kwa sauti, kilichotuleta siku hiyo. Inachukua dakika moja. Akisikia sauti isiyo ya kawaida ana haki ya kumwambia mtu abaki.

Gawa nguvu zako mafungu matatu: la kwendea, la kurudia, na la akiba lisiloguswa. Wageni hugawa mawili, na upepo ukigeuka hawana la tatu. Mawimbi yakianza povu jeupe, geuka. Ukianza kutetemeka, geuka. Maji yetu ni ya vuguvugu lakini saa nzima ndani yake huiba joto la mwili polepole. Ukijiuliza mara mbili kama ugeuke, jibu limeshatoka.

Wazee walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nawaheshimu, na kwenye ndoa na kwenye mkopo wa biashara nimeona ukweli wake. Kwenye jiwe letu methali hiyo tumeiweka kando. Mtu akivua nguo, akatia mguu, akavaa tena, hakuna anayemuuliza neno.

Baada ya kutoka

Jifute, kunywa uji wa moto, na mpigie simu yule uliyemwambia unakwenda. Kichocho kichukulie kwa uzito. Kujifuta kwa taulo si kinga ya kutegemea. Kila mwaka, na wiki sita hadi nane baada ya kuogelea mahali penye shaka, nenda kituo cha afya ueleze unaogelea ziwani, upimwe, upewe prazikwanteli, dawa ya kichocho, kwa uzito wako. Usiimeze siku ile ile uliyotoka majini ukadhani umemaliza: dawa huua minyoo iliyokomaa, wachanga huwapita.

Yule binti wa miwani alirudi kama nilivyomwambia. Alisema, "Tangu darasa la kwanza kila ninachofanya napewa alama, mama. Nataka kitu ambacho nikipatia ni mimi ninayejua, na nikikosea ni mimi ninayejua." Nilimshika mkono. Ni sababu nzuri, na nilimwonyesha papo hapo itakapomkosesha: siku moja atataka kuja peke yake, bila mtumbwi, bila mtu wa kujua. Tulikubaliana kwamba mpiga kasia hatampa alama, hata neno la pongezi. Atakuwepo tu.

Mpiga kasia wake ni kaka yangu. Siku za mbalamwezi dagaa hawavuliki, kwa hiyo hutupigia kasia, tunamlipa, na kile kisa cha njaa na shibe tumekizungumza tukakimaliza. Asubuhi moja mwezi uliopita ziwa lilikuwa limelala kama kioo, hakuna wingu, na sote tulikuwa tumeshavua nguo. Binti alikuwa ameshatia miguu. Kaka alitazama ziwa muda mrefu, akarudisha kasia ndani ya mtumbwi, akasema, "Leo hapana." Tukavaa. Tulikaa juu ya jiwe tukanywa uji, na hadi saa sita mchana ziwa lilikuwa vile vile, kimya, halijatikisika. Hakuna aliyemuuliza aliona nini.